Hina Mbichi na Mwale wa Pili

Kwanza ijulikane kwamba hina haikuharibika hata ua moja. Hilo ndilo watu wote wa Mlaleo wanalouliza kabla ya kuuliza mengine, kwa hivyo bora liishe mapema. Mengine ni marefu kidogo.

Alhamisi ile Shaza alikuwa na mambo mawili, na hakuna hata moja aliloweza kuliahirisha. Saa nane mchana ilikuwa hina ya Hadeel, binti wa shangazi yake, ambaye wamelala kitanda kimoja tangu wana miaka minne. Saa kumi alasiri ilikuwa mashine.

Mashine yenyewe haiko Mlaleo, wala Kisauni yote. Iko Ulaya, ndani ya jumba la kuta nene, na Shaza hajawahi kuiona ila kwa picha. Ni pete kubwa ya chuma, tupu ndani, imezungushiwa sumaku kila upande. Ndani wanatia haidrojeni kidogo sana, wanaipasha moto mpaka inaacha kuwa hewa na kuwa plazma, kitu kinachong'aa, chenye joto kushinda la katikati ya jua. Hakuna sufuria ya kukibeba kitu hicho. Kinaning'inizwa katikati kwa nguvu ya sumaku kisiguse ukuta, na wanasayansi wanatafuta namna ya kukituliza hapo kwa muda mrefu, ili siku moja kitoe umeme.

Kukipasha moto ndiko alikoingia Shaza. Kinapigwa kwa miale ya atomu zinazokwenda mbio mno. Atomu ikija na chaji ya umeme, sumaku zinaipinda njiani, haifiki. Kwa hivyo kwanza wanazipa atomu chaji, ili zisukumike. Zikishapata mbio wanazivua chaji hiyo, nazo zinaingia sumaku hazina habari nazo, zinagongana na plazma na kuiachia joto lao. Shaza alipomweleza Hadeel haya mara ya kwanza, Hadeel alifikiri, akasema, "Kumbe ni kama mtu asiyealikwa harusini, anaingia na wapishi." Shaza alicheka mpaka akaketi chini, na mpaka leo hana mfano bora.

Miale iko minne, na kila mmoja umewaka au umezima, hauna nusu. Ukitaka nusu ya joto, inabidi uuwashe na kuuzima, uuwashe na kuuzima, mpaka wastani utoke unavyotaka. Miaka yote walikuwa wakiipangia ratiba tangu asubuhi, na plazma ikibadilika katikati, ratiba haina macho. Programu ya Shaza, aliyoiandika miezi kumi na minne chumbani kwake, ilikuwa na macho. Ilitazama joto la plazma mara mia kila sekunde, ikaamua yenyewe mwale upi uwake na upi upumzike.

Alhamisi ile ndiyo ingejaribiwa kwenye mashine ya kweli kwa mara ya kwanza. Alipewa majaribio mawili, kila moja sekunde saba. Ikifaulu, programu ingebaki pale na Shaza angepata nafasi katika kikundi. Isipofaulu, wangerudisha ya zamani, na Ijumaa mashine ingefungwa kwa matengenezo ya mwaka mzima. Baada ya mwaka mzima, nani angemkumbuka msichana wa Mlaleo aliyeshindwa siku ya kwanza? Sekunde kumi na nne. Alikuwa akizihesabu tangu Jumatatu.

Sasa kuna Shangazi Mahfoudha, mama yake Hadeel, na beseni lake la buluu. Siku ya hina wanawake wanavua mabuibui na kukaa vichwa wazi, kwa hivyo simu hazipiti mlangoni. Mwaka juzi picha ya bi harusi mmoja wa Bakarani ilitembea mpaka ikamfikia bwana harusi kabla ya siku yenyewe. Tangu hapo, hina yoyote ya ukoo, Shangazi Mahfoudha yuko mlangoni na beseni.

"Shikamoo, shangazi," Shaza alisema.

"Marahaba, mwanangu. Simu."

"Hii hapa. Lakini kompyuta leo inabidi..."

"Ina kamera?"

"Inayo."

"Basi na hiyo ni simu, ila imenenepa."

Shaza alimweleza upya habari za majaribio mawili na mwaka mzima. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, maana si mtu wa kukatiza, kisha akatoa hukumu. Kompyuta ingekaa juu, chumba cha stoo, penye magunia ya mchele. Mlango ungefungwa. Kamera ingezibwa kwa plasta. Alileta plasta mwenyewe, akabandika ya kwanza, akaitazama, akabandika ya pili juu yake.

"Na ya tatu?" Shaza aliuliza.

"Ya tatu ya kumzibia shetani," shangazi akasema, akaibandika.

Chini, Nyamvula, mchoraji hina aliyevuka kutoka Likoni na koni zake ndani ya kopo la biskuti, alikuwa ameshamaliza mkono mmoja wa Hadeel. Shaza alikuwa amejipangia mapema: atachorwa mkono wa kushoto tu, wa kulia ubaki wa kuandikia. Lakini saa nane na nusu alipopanda stoo kutazama, alikuta ujumbe wa Agneta.

Agneta ni mtoto wa Changamwe. Babake alikuwa fundi bandarini. Yeye alikwenda kusoma huko Ulaya na sasa ni mwaka wa sita anakaa kwenye chumba cha kuendeshea mashine. Ndiye aliyempigania Shaza apewe hayo majaribio mawili. Ujumbe ulisema pampu ya kunyonya hewa inasumbua, watachelewa saa moja na nusu au zaidi, atulie.

Shaza akashuka, akatulia. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza la siku hiyo, ingawa si kubwa kuliko lile jingine.

"Sasa una saa moja na nusu zaidi," Hadeel alisema. "Huo wa kulia unauwekea nani?"

"Nitauhitaji."

"Mimi naolewa mara ngapi?"

"Inshallah mara moja."

"Basi lete mkono."

Nyamvula aliinua koni. "Nikianza sikatizi. Ukiinuka katikati, hilo ua litakuwa ramani ya kivuko."

Shaza akaleta mkono. Ilipokaribia saa kumi mikono yote miwili ilikuwa na hina mbichi mpaka karibu na viwiko, maua, majani, na vijishada vidogo kila kidole, na Shaza ameiinua hewani kama anayeomba dua. Ili ikauke, Nyamvula alisema, usiguse kitu kabla ya magharibi. Ndipo shangazi alipotokea ngazini.

"We Shaza."

"Abee, shangazi."

"Kile kimashine chako kinalia huko stoo. Kinalia hakinyamazi."

Shaza alipanda ngazi mikono juu, akausukuma mlango kwa bega. Kompyuta ilikuwa inaita. Akasimama mbele yake, akaitazama, akaitazama mikono yake.

"Shangazi," alisema taratibu, "nakuomba ubonyeze hapo penye kijani."

Shangazi Mahfoudha hajawahi kugusa kompyuta. Alibonyeza kama mtu anayepima kama pasi imepata moto. Sauti ya Agneta ikajaa stoo.

"Shaza, uko wapi wewe? Pampu imekubali. Tunaanza dakika nane."

"Ulisema saa moja na nusu."

"Nilisema wao wamesema."

"Nani huyu?" shangazi aliuliza.

"Agneta, shangazi. Yuko kwenye mashine."

"Hujambo, Agneta. Habari za huko?"

Huko dakika zilikuwa zinahesabiwa. Lakini Agneta alikulia Changamwe, anajua kuna mambo hayaharakishwi. "Shikamoo, mama. Huku salama."

"Marahaba. Baridi?"

"Baridi, mama."

"Jifunike. Na wazazi hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, dakika sita."

Jaribio la kwanza lilianza. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja wa buluu, ndio joto la plazma, na mstari uliolala ambao joto lilitakiwa liufuate. Chini yake vijisanduku vinne, vikiwaka na kuzima, kimoja kwa kila mwale. Sekunde ya kwanza mstari wa buluu ulipanda vizuri. Ya pili ukakaa juu ya ule uliolala kana kwamba umeshonewa hapo. Kisha kijisanduku cha pili kikazimika chenyewe.

Hilo ni jambo la kawaida. Miale ina volti nyingi sana ndani yake, mara moja moja cheche inaruka, mwale unajizima kujilinda, na baada ya nusu sekunde unarudi. Mstari wa buluu ukashuka. Mwale wa pili ukarudi. Na hapo vijisanduku vyote vinne vikawaka pamoja na havikuzima tena. Mstari ukapanda, ukapita ule uliolala, ukaendelea kupanda, ukagonga mpaka wa hatari. Ulinzi wa mashine ukakata kila kitu. Kioo kikabaki cheupe. Sekunde tatu nukta moja.

"Ndiyo imekwisha?" shangazi aliuliza.

Kwa mbali, nyuma ya Agneta, wanaume wawili walikuwa wakizungumza Kiingereza, na mmoja wao, kiongozi wa kikao, hakuwa akizungumza kwa furaha.

"Sikiliza," Agneta alirudi, sauti chini. "Anataka turudishe ya zamani sasa hivi. Nimemwambia tulikubaliana mawili. Kanipa robo saa nimwambie nini kimeharibika. Na usibahatishe, Shaza. Ukibahatisha nitajua, na yeye atajua."

Shaza alikaa juu ya gunia. Alimwomba shangazi ausogeze ukurasa chini, arudi juu, ashuke tena. Shangazi alisogeza kwa kidole kimoja, akisitasita. Hakukuwa na kosa. Programu ilikuwa imeona joto pungufu, ikaagiza miale. Ndiyo kazi yake. Kwa nini basi iliendelea kuagiza wakati joto lilishatosha? Dakika tatu zilipita. Nne. Jasho lilimshuka puani na hakuweza kulipangusa. Shangazi akalipangusa kwa upindo wa leso yake.

Ndipo chini mtu alipopiga ukelele.

Mifereji ya nyumba ile, ya jikoni na ya bafuni, ilikuwa mikavu tangu Jumanne. Maji ya shughuli yaliletwa kwa mkokoteni, mitungi ishirini. Sasa maji ya mfereji yalikuwa yamerudi, yote kwa pamoja, na jikoni kulikuwa kunaogelea.

Shangazi alitoka mpaka kichwani mwa ngazi. "Nani kaacha mfereji wazi?"

"Si mimi, bibi," sauti moja ilijibu kutoka chini. "Mimi niliukuta wazi, nikaufungua kidogo tu zaidi."

"Na mimi asubuhi nilizungusha, nikaona hautoi," ya pili ikasema, "nikazungusha tena."

"Mimi niliuzungusha mpaka mwisho, nikasema labda umekwama," ya tatu ikakiri, na wote huko chini wakaanza kucheka, ufagio ukasikika ukisukuma maji kuelekea uani.

"Funga basi, mnacheka nini? Na sufuria za pilau zinyanyueni."

Shaza alikuwa amesimama. Hata hakujua alisimama lini. Mfereji haukuwa na maji, kila aliyepita akaona maji hayatoki, akazungusha zaidi. Haukuwa unatoa kitu, kwa hivyo hakuna aliyeona kuwa umefunguka kupita kiasi. Kosa lilijilimbikiza kimya kimya, na maji yaliporudi yakalikuta limekamilika.

"Agneta. Upo?"

"Nipo. Zimebaki dakika tisa."

"Mwale wa pili ulipozimika, programu yangu iliona upungufu, ikaongeza. Ikaona bado, ikaongeza. Mara mia kwa sekunde, kwa nusu sekunde nzima, inajumlisha upungufu ambao hakuna mwale wa kuuziba. Mwale uliporudi, ile jumla yote ilikuwa inausubiri. Ikawasha yote minne na haingezima mpaka jumla ishuke, na haikuwahi kushuka."

Agneta aliupitia mchoro upande wake. "Naona," alisema. "Lakini wewe uliandika kizuizi cha jambo hilo. Nilikisoma mimi mwenyewe. Mwale ukikosekana, kujumlisha kunasimama."

Hili ndilo lile kosa jingine. Shaza angeweza kusema labda faili ilichanganyika, na ni nani angemkatalia?

"Nilikiandika," alisema. "Jumatatu nikakizima. Kilikuwa kinaifanya ijibu polepole kidogo, nami nikataka ionekane nyepesi. Nyumbani, kwenye mashine ya kuigiza ndani ya kompyuta, ilifaulu kila mara kwa sababu mwale haukuwahi kujizima wenyewe. Mimi ndiye nilikuwa nauzima, kwa adabu, nikiiarifu programu kwanza."

"Nimwambie hivyo? Kwamba ulikizima wewe?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Agneta alimwambia. Kiongozi akauliza swali moja, Agneta akajibu, akauliza la pili. Kisha Agneta akasema, "Dakika sita. Badilisha utume."

Shaza alimtazama shangazi yake. Dera la shangazi lilikuwa limelowa upindo, maana alishashuka na kupanda tena.

"Sema haraka, mwanangu. Nina wageni na nina bahari jikoni."

"Mstari wa mia mbili na kumi na nne. Huo. Mwisho wake kuna sifuri. Ifute, uandike moja."

"Kufuta ni wapi?"

"Kile cha pembeni juu, chenye mshale. Bonyeza mara moja."

Shangazi alibonyeza mara moja, ni kweli, lakini alibonyeza kama kengele ya mlango wa mtu mzito wa kusikia. Sifuri ikaondoka, na nusu ya mstari ikaondoka nayo.

"Wachilia, shangazi. Wachilia."

"Nimewachilia. Kimekula chenyewe."

Mkono wa kulia wa Shaza ulijikuta umeshashuka, kidole kiko juu ya herufi, hina inang'aa mbichi. Shangazi aliugonga kwa nyuma ya kiganja chake, kwenye kiwiko, palipokuwa pakavu.

"Nyamvula katoka Likoni kwa ajili ya mkono huo. Toa. Niambie mimi."

"Basi shika hiki cha pembeni chini, usikiachilie, na kwa mkono mwingine ubonyeze hii Z."

"Z ya Zanzibari?"

"Hiyo hiyo. Tena. Tena."

Mstari ukarudi, herufi baada ya herufi, mpaka sifuri. Safari hii shangazi aliidona ile sifuri kama kuku anavyodona punje, akaifuta peke yake, akatafuta moja, akaipata pale juu, akaidona nayo. Shaza alisoma mstari mara mbili kwa sauti. Agneta akausoma upande wake.

"Sasa tuma. Hicho kikubwa chenye mshale uliopinda."

"Bismillahi," shangazi akasema, akabonyeza.

Jaribio la pili lilianza dakika moja kabla ya muda. Shangazi hakuondoka. Alikaa juu ya gunia la pili, mikono mapajani, akitazama vijisanduku vinne vinavyowaka na kuzima.

Moja. Mbili. Mstari wa buluu ulikaa mahali pake. Sekunde ya tatu ilikuwa karibu kwisha mwale wa pili ulipojizima tena. Shaza aliuma mdomo. Mstari ukashuka. Miale mitatu iliyobaki ikawaka yote, ikafanya ilichoweza, na programu haikulimbikiza kitu. Mwale wa pili ukarudi. Mstari ukapanda, taratibu, wenye kuudhi kwa taratibu zake, ukaugusa ule uliolala, ukaupita unywele, ukarudi. Nne. Vijisanduku vikaanza tena kupokezana. Tano. Sita.

"Saba," Agneta alisema.

Kisha upande ule kukawa na kelele za viti na mtu akipiga meza. Agneta alisikiliza, akarudi. "Anasema inabaki. Anasema pia Jumatatu utaandika ukurasa mzima kuhusu kizuizi ulichokizima, na kila mpya atakayeingia kwenye kikundi ataanzia kuusoma huo."

"Kikundi," Shaza alisema.

"Ndiyo, kikundi. Unadhani ukurasa huo utauandika ukiwa mgeni?"

Shaza aligeuka amkumbatie shangazi yake, akakumbuka mikono, akabaki amemwegemea kwa paji la uso begani.

"Ngoja, bado," Agneta alisema. "Kitabu cha kikao. Lazima niandike nani alibadilisha mstari. Aliyesema ni Shaza. Aliyebonyeza?"

"Shangazi."

"Jina kamili, mama?"

Shangazi alijiweka sawa ushungi, ingawa kamera ilikuwa na plasta tatu. "Mahfoudha Taha Jamaludin. Wa Mlaleo. Andika na Mlaleo."

"Nimeandika. Na huwa tunabandika picha ya kila aliyeshiriki siku ya mwisho, hapa ukutani. Mkipata nafasi mniletee."

Shangazi alimtazama Shaza, akaitazama kompyuta, kama aliyekuwa amedhani Agneta amelelewa vizuri, kumbe sivyo.

"Jina andikeni," alisema. "Picha hapana."

Akakunja upindo wa dera lake, akashuka kupiga deki jikoni. Shaza alimfuata mikono juu, maana Hadeel alikuwa ameanza kuchorwa miguu, na aliahidiwa kuwa hatakuwa peke yake.